Bwawa la Kuogelea Uani, Mabomba Chini Yake

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Kiseke, Ilemela, jijini Mwanza, katika nyumba tuliyoinunua ikiwa imekwisha kujengwa. Kaka yangu ametupatia bwawa la kuogelea la fremu, lile linalosimama juu ya ardhi, lenye kipenyo cha mita 3.66, na likijazwa maji hufikia kina cha mita moja. Nafasi iliyopo ni uani tu, ambako ardhi inateremka kidogo. Tunajua kwamba huko linapita bomba la maji kutoka kwenye mita, pamoja na waya wa umeme unaokwenda kwenye banda la nje, na karo la majitaka liko upande wa chini. Ila aliyevifukia hatumjui. Fundi anasema kwa kuwa bwawa hili halichimbiwi shimo, hakuna la kuhofia. Je, ni kweli?
Mama wa watoto wanne, Kiseke

JIBU: Mama, fundi wako amesema nusu ya kweli. Bwawa lenyewe halizikwi, lakini mahali linapokaa lazima pachimbwe, kwa sababu ardhi ikiinama, maji huulemea ukuta wa upande wa chini, na fremu ikishapinda hainyooki tena. Wengi hukwepa kazi hiyo kwa kujaza udongo upande wa chini hadi usawa upatikane. Udongo wa kujaza hutitia chini ya uzito, hata ukishindiliwa kwa bidii, na ndiyo maana njia iliyo salama ni kukata upande wa juu mpaka ulingane na wa chini. Sasa piga hesabu: ikiwa ardhi inashuka sentimita 15 kutoka ukingo hadi ukingo, na ukaondoa pia sentimita 5 za nyasi na mizizi, upande wa juu utakuwa umechimba sentimita 20. Bomba lililofukiwa kwa sentimita 30 litabaki na sentimita 10 tu za udongo juu yake. Katika viwanja vyetu vya miamba hali huwa mbaya zaidi, kwani mchimba mtaro akikutana na jiwe hulipitisha bomba juu ya jiwe hilo, akalifunika kwa udongo kidogo na kuondoka.

Bwawa lako litachukua takriban lita 10,500, yaani zaidi ya tani 10, kama matangi kumi ya lita 1,000 yaliyobanana uani. Hata hivyo uzito huo umetandaa; kila mita ya mraba inabeba kama tani moja, na bomba zima lililofukiwa vizuri haliwezi kupasuka kwa hilo peke yake. Ninachokihofia ni kiungo cha bomba kitakachoanza kuvuja baada ya mwaka au miwili, ambapo maji yatausomba mchanga ulio chini ya bwawa bila mtu kuona, na ili kukifikia itabidi umwage maji yote na kulivunja bwawa. Kwa hiyo bomba lihamishwe lipite pembeni kabla ya kazi nyingine yoyote. Gharama yake ni mita chache za bomba na siku ya fundi.

Kuhusu umeme sioni la kujadili. Waya wenye volti 230 haufai kubaki chini ya bwawa, na hata kanuni za umeme za Marekani, ambako mabwawa ya aina hii ni mengi, zinakataza nyaya zilizofukiwa kupita chini ya bwawa isipokuwa zile zinazohitajika kwa vifaa vya bwawa lenyewe. Mtafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, auhamishe waya huo na kuuweka mbali na ukingo, kisha laini ya pampu aiwekee kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Mwulize pia fimbo ya ethi ya nyumba, ile ya chuma inayopeleka ardhini umeme wa hitilafu, imepigiliwa wapi, maana watu huisahau. Tazama na juu: bwawa lisikae chini ya waya unaotoka kwenye nguzo.

Karo ni jambo la namna nyingine, kwa sababu lina uwazi ndani, na mfuniko wake wa zege haukujengwa kubeba tani kadhaa za maji. Kaa umbali wa mita 3 au zaidi kutoka kwenye karo na shimo lake la kufyonzea, na usielekeze humo maji ya bwawa unapolimwaga, kwani klorini huua bakteria wanaoozesha uchafu.

Kuvitafuta vilivyofukiwa kunahitaji subira. Wamarekani hupiga namba moja, 811, kabla ya kuchimba. Sisi tunabisha mlango mmoja mmoja, MWAUWASA kwa maji na TANESCO kwa umeme, tukijua kwamba sehemu inayotoka kwenye mita kuingia ndani ni ya mwenye nyumba. Anza na vinavyoonekana, yaani mita, chemba na mahali waya unapoingia bandani, kisha unyooshe kamba kati yake. Zima umeme kwenye swichi kuu, ndipo mchimbe kwa sepetu mtaro mwembamba wa majaribio unaokatiza kamba hiyo. Sululu iwekwe kando, na msikubali mtu apigilie nondo ardhini kutafuta bomba, maana ndivyo nyaya zinavyotobolewa. Mkikuta mchanga laini wa rangi tofauti, safu ya matofali au utepe wa plastiki, endeleeni kwa mikono. Kila kitakachopatikana kipigwe picha pamoja na futi ya kupimia kabla hakijafukiwa.

Mtaro huo utawaonyesha pia mwamba ulipo. Bwawa lililokalia mwamba nusu na udongo nusu litatitia upande mmoja, hivyo ni afadhali kulisogeza. Fanyeni kazi kati ya Juni na Agosti, mvua za masika zikiwa zimekwisha, na chimbeni mfereji upande wa juu wa kukinga maji yatakayoteremka wakati wa vuli. Shindilieni ardhi, mtandaze mchanga uliochekechwa wa sentimita 5, na chini ya kila mguu wa fremu mzamishe kigae cha zege kilingane na ardhi. Jazeni kwanza sentimita 10 za maji, mpime kina pande zote, na tofauti ikizidi sentimita 2.5, myamwage na kusawazisha upya.