Vikope, uji wa shule na msaada wa mjini: majibu kwa wasomaji wa Dodoma

Mbukwenyi nyote. Maswali ya safari hii yametoka Kongwa, Chemba, Bahi na Chamwino, na moja limetoka kwa mwenzetu aliyeko Dar es Salaam. Kwa wasionifahamu, nilikuwa muuguzi wa vijijini hadi nilipostaafu. Sasa nasaidia shirika dogo linalofundisha afya na kuwashika mkono watoto wa familia zisizojiweza ili wabaki shuleni.

Shikamoo mama. Mwanangu yuko darasa la kwanza, macho yake yanatoa tongotongo kila siku. Mwalimu anasema ni vikope, bibi yake anasema ni vumbi la kiangazi tu, yatapona yenyewe. Maji tunayafuata mbali kwa punda. Nifanyeje? (Mama, Kongwa)

Marahaba, mwanangu. Msikilize mwalimu. Vumbi huwasha jicho, lakini tongotongo za kila siku si za kungojea. Vikope, au trakoma, huletwa na bakteria wanaohama kwa vidole, kwa kanga moja inayofuta nyuso za watoto wote, na kwa nzi wanaotua kwenye macho machafu. Mtoto akiugua mara moja anaweza kupona. Hatari ni kuugua tena na tena: ngozi ya ndani ya kope la juu hupata makovu, na baada ya miaka kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Ndiyo maana upofu wenyewe huonekana ukubwani, na wanawake huupata zaidi kwa sababu ndio wanaolea watoto. Ukiwa na mama mtu mzima nyumbani anayeng'oa kope kwa kibano kila mara, naye umpeleke. Kuna upasuaji mdogo wa kope unaozuia asipofuke.

Mpeleke mtoto zahanati wiki hii. Dawa ipo, na siku dawa ya kumeza inapogawiwa kijiji kizima, kila anayepewa ameze, hata asiyeumwa, maana anaweza kuwa amewabeba bakteria bila kujua.

Sasa maji. Wilaya yako imechunguzwa na watafiti wa vikope tangu miaka ya 1980, na moja ya mambo yaliyoonekana wazi huko Kongwa ni kwamba mtoto mwenye uso safi ana nafuu kubwa. Uso hauhitaji ndoo. Kikombe kimoja kinatosha, asubuhi na jioni, na kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lenye tundu linalochirizisha maji kidogo kidogo, kikining'inizwa karibu na mlango mtoto ananawa mwenyewe bila kumwaga ovyo. Ninakuomba jambo moja zaidi: zungumza na baba yake. Katika nyumba nyingi yeye ndiye anayeamua maji ya punda yaende kwa nani, ndama au watoto, na akielewa jambo hili mzigo hautabaki kwako peke yako. Bibi naye usimpinge mbele ya watu. Mwombe awe ndiye anayewanawisha wajukuu.

Kamati ya shule yetu inachangisha mahindi na karanga kwa ajili ya uji. Mzazi mmoja ameleta karanga zilizosinyaa na zenye ukungu kidogo, anasema zikikaangwa hazina neno. Tuzipokee? (Mjumbe wa kamati, Chemba)

Msizipokee, ndugu yangu. Ninyi wa Chemba na Kondoa mnakumbuka mwaka 2016, watu walipougua ini na wengine kufariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu, na moto wa jikoni hauimalizi. Kukaanga, kuchemsha, kusaga, vyote haviondoi. Haionekani kwa macho, kwa hiyo hata nafaka inayopendeza inaweza kuwa nayo, lakini punje zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zenye ukungu ndizo zinazobeba nyingi.

Wekeni utaratibu tangu shambani: anikeni juu ya turubai, si juu ya udongo, chambueni kabla ya kusaga, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na paa lisivuje. Zilizotupwa wasipewe kuku. Najua inauma kumrudishia mzazi alichokileta kwa moyo, hasa mwaka wa mavuno mabaya. Mrudishieni kwa heshima, pembeni, na mpeni nafasi ya kuchangia kuni au siku ya kupika. Mtama na uwele, ambavyo Wagogo wamekula vizazi na vizazi, vinafanya uji mzuri na vinavumilia ukame wetu kuliko mahindi. Nashangaa shule chache mno zinavitumia.

Elimu ni bila ada, mbona bado tunaombwa michango? (Baba, Bahi)

Ada iliondolewa mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na baadaye, mwaka 2022, hata kidato cha tano na sita. Sare, madaftari na chakula vimebaki kwa mzazi. Kukubaliana kwenye mkutano wa wazazi kuchangia uji ni jambo jema, nami naliunga mkono. Mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango hairuhusiwi. Likitokea, mwone mwalimu mkuu kwanza, kisha mtendaji wa kata.

Binti yangu ana miaka 10. Wanasema chanjo ya shuleni inaondoa uzazi. Ni kweli? (Mama, Chamwino)

Si kweli. Hiyo ni chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Hapa nchini ilianza kutolewa kwa wasichana mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wenye miaka 9 hadi 14. Nimewauguza wanawake wenye saratani hiyo waliofika hospitali kwa kuchelewa. Mpeleke achanjwe, mama.

Shikamoo mama. Niliacha shule kidato cha pili nilipopata mimba. Mtoto sasa anatembea. Nikirudi nitachekwa, na nyumbani wanasema nimeshakuwa mtu mzima. (Msichana, Chamwino)

Marahaba, binti yangu. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, kwa hiyo mlango haujafungwa. Nenda na mzazi au mlezi kwa mkuu wa shule uliyoacha. Kama hutaki kurudi pale pale, omba shule nyingine. Njia ya pili ni masomo ya sekondari kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako unaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, wengi wanauita QT, ambao ukiufaulu unakupa sifa, halafu ukafanya mtihani wa kidato cha nne.

La kuchekwa sitakudanganya, huenda wakakucheka wiki za mwanzo. Kikwazo kikubwa ninachokiona mimi ni nani atakaa na mtoto. Lizungumzeni hilo nyumbani kabla ya sare na daftari. Na hapa nawaambia mashirika yenzetu: ada ya mtihani ni rahisi kulipa na inapendeza kwenye taarifa, lakini bibi anayelea mjukuu ili mama yake asome anahitaji chakula cha mtoto. Saidieni hapo.

Mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa, niko Dar es Salaam. Kazini tumechanga fedha tununue mabegi na madaftari kwa shule niliyosoma. Wengine wanataka tupitie shirika. Unatushauri nini?

Hongereni sana. Kabla ya kununua chochote, mpigie mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji, waulize swali moja: mwaka jana watoto walikosa shule kwa sababu gani? Wakisema madaftari, nunueni. Mara nyingi mtasikia maji, vyoo, njaa, hedhi. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na paa la bati la madarasa linamwaga maji mengi ardhini bure. Gata, yaani mfereji unaokinga maji ya paa, na tangi vinampa mtoto wa vikope maji ya uso, vinampa mpishi maji ya uji, na msichana aliye kwenye siku zake anapata mahali pa kujisafisha badala ya kubaki nyumbani. Hizi ni habari za afya na za shule kwa pamoja, ndiyo maana sipendi kuzitenganisha.

Mkipitia shirika, ombeni kuona cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, na muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa wilaya kama analifahamu. Muulize pia limekaa katika kijiji hicho hicho kwa muda gani, na bomba likiharibika linatengenezwa na nani. Na tafadhali, watoto wasipangwe mstari wakiwa na mabegi ili wapigwe picha. Wazazi wao wanaziona picha hizo.

Kama fedha ni kidogo, anzeni na tangi moja na gata kabla ya Desemba. Madaftari yanaweza kufuata Januari, shule zikifunguliwa.