Pikipiki ya Kwenda Mtumba na ya Kwenda Iringa Iwe Hiyo Hiyo Moja

Juzi kijana mmoja kaniandikia. Kapata ajira, ofisi yake iko Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma, kapanga chumba Nkuhungu, na kugombea daladala asubuhi kumemshinda. "Kaka, nataka pikipiki moja tu, ya kazini na ya kutembelea nchi wikiendi. Nina milioni tatu na kidogo. Nimeiona moja ndefu, ile ya kurukia matope, imeletwa kutoka nje, bado inang'aa. Nichukue?"

Nikamjibu: acha. Akaona nimemkatisha tamaa. Haya mdogo wangu, kaa nikueleze, na nyie wengine mnaoniuliza swali hilo hilo kila mwezi mkae pia. Mnachokitaka nakijua, maana ndicho nilichokitaka mimi: katikati ya wiki mfike kazini bila kubanwa mlangoni, Jumamosi mpige Kondoa au Iringa, na akaunti ibaki na kitu.

Mimi natembelea Boxer 150. Nyeusi, ile ile aliyonayo bodaboda wa Majengo. Injini ya sisi (cc) 144.8, nguvu za farasi kama kumi na mbili, tanki lita 11. Nilichoongeza ni keria ya nyuma tu, ya kufungia begi.

Siku niliyoingia nayo kazini mara ya kwanza, mwenzangu mmoja akasema mbele za watu, "Mheshimiwa, siku hizi unapiga boda?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nilicheka nao. Leo nasema ukweli, iliniuma, na nikiikumbuka bado inaniuma kidogo. Hata barabarani nilikuwa napungiwa mkono. Jumamosi moja pale Msalato nilisimama kufunga kamba ya begi, mama mmoja akapanda nyuma bila kuuliza bei, akanigonga bega: "Twende mwanangu, mnadani." Nikampeleka. Aliposhuka akanipa mia tano, nikaikataa, akaondoka akinishangaa.

Sasa turudi kwenye pikipiki.

Wageni wa Dodoma hawauhesabu upepo. Ukitoka Nkuhungu kwenda Mtumba unaelekea mashariki, na upepo wa kiangazi unatokea huko huko, kwa hiyo asubuhi unakupiga kifuani. Pikipiki ya sisi 100, ukishaipita Nanenane inaanza kulia, unarudisha gia, lori nyuma yako linapiga honi. Ya 125 inajitahidi ukiwa peke yako. Mpakie mtu, utaisikia. Ya 150 unakwenda nayo sitini, sabini, bila kuikamua. Jioni upepo unakusukuma mgongoni, kila mtu anakuwa bingwa, kwa hiyo usiijaribu pikipiki jioni ukadhani umeijaribu. Omba uijaribu asubuhi, ukielekea Ihumwa.

Kwa hiyo kwangu mimi mjadala unaanzia 150. Iwe Boxer, iwe TVS HLX 150, sitagombana na mtu. Ninachogombania ni kitu kingine, spea, nacho nilikithibitisha mwezi uliopita njia ya Iringa.

Niliondoka alfajiri, tanki limejaa. Dodoma hadi Iringa kwa Mtera ni kama kilomita 260, lami tupu. Mlowa, Fufu, mibuyu kulia na kushoto, halafu barabara inateremka na joto linapanda mpaka Mtera. Juu ya ukuta wa bwawa unapita tu, si mahali pa kusimama kupiga picha. Ukivuka umeshaingia mkoa wa Iringa, na harufu ya perege wa kukaanga inakuita ukiwa bado na kofia kichwani. Nilikuwa nimeshakula, nimeshaanza safari tena, nakaribia Migori, nikavuta klachi kupunguza gia mbele ya ng'ombe, mkono ukaja mtupu. Waya umekatika.

Hapo ndipo watu wa pikipiki za kupigia picha wanapoanza kupiga simu. Mimi nilisukuma hadi kwenye kibanda cha mabati chenye tairi kuukuu limening'inizwa kama kibao cha duka. Kijana aliyekuwepo hakuniuliza hata aina. Aliitazama mara moja, akanyoosha mkono ukutani kulikofungwa waya wa klachi, wa breki, wa resi, wote kwenye vifurushi vya nailoni vilivyojaa vumbi, akachomoa mmoja. Akapaka grisi kwenye kile kichwa cha risasi, akapitisha waya wa zamani na mpya sambamba ili asipoteze njia chini ya tanki, akaukaza huku akibonyeza mkono wa klachi kwa kidole kimoja mpaka ukabaki ulegevu kidogo. "Jaribu." Chai niliyoagiza kwa mama wa jirani ilikuwa bado inatoa moshi. Waya na ufundi, elfu kumi ilirudi na chenji.

Mlima Nyang'oro niliupanda kwa gia ya tatu, taratibu, malori yananiheshimu na mimi nayaheshimu. Nikafika Iringa mchana, na tanki lilikuwa na mafuta ya kuzungukia mji. Sijagusa sheli. Mtu wa Boxer akikwambia hajisikii raha siku hiyo, anakudanganya.

Basi kabla hujauliza bei ya pikipiki, uliza spea zake zinauzwa wapi. Muuzaji akikujibu "Kariakoo zimejaa," hiyo ni pikipiki ya mtu wa Dar. Wewe unataka spea zilizoko Kibaigwa, Chemba, Manyoni, Migori. Yule mwenzangu wa "unapiga boda" baadaye alinunua moja ndefu, ya kifahari, kutoka kwa mtu aliyeileta kutoka nje. Ilikuwa nzuri, sikatai. Sasa hivi imeegeshwa chini ya mti nyuma ya ofisi, imefunikwa turubai, inangoja kipuri. Ameshaniomba lifti. Nimempa, na sikusema neno. Nimeandika tu makala.

Sisemi pikipiki ndefu ni mbaya. Honda XR150L naipenda, injini yake haina mambo mengi, kupozwa ni kwa hewa, na tairi la mbele la inchi 19 linavuka makorongo ambayo langu linayahesabu moja moja. Ile njia ya vumbi kutoka Kolo kwenda kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia 2006, XR ingeimaliza inapiga mluzi. Mimi niliikata kwa gia ya pili, nimesimama juu ya pedeli, makalio hewani. Nilifika, nikapanda mwamba kwa miguu kama mwenye XR. Ila mpya yake inataka hela zaidi ya mara mbili ya Boxer, kiti kiko zaidi ya sentimita 80 kutoka chini, na ukiwa mfupi kama mimi, kila ukisimama unasimamia vidole. Kama hela ipo na miguu ipo, chukua, baraka zote. Kijana wangu wa milioni tatu, hapana.

Tairi nalo litazame. Miiba ya migunga ya huku haichagui cheo. Boxer ina rimu za inchi 17 mbele na nyuma, kwa hiyo tyubu yake iko kila duka linalouza sukari na sabuni. Beba tyubu moja, pampu ya mkono, vyuma viwili vya kubandulia tairi na spana ya gurudumu la nyuma. Na ujifunze kuvitumia ukiwa nyumbani, usingoje ufike Haneti. Chujio la hewa lifunguliwe kila unapobadilisha oili. Kwa vumbi hili la Agosti utashangaa linatoka nini.

Hela isipotosha mpya, utanunua iliyotumika, na hapo utaambiwa hadithi ya mwalimu. Kila pikipiki kuukuu Dodoma ilikuwa ya mwalimu, alikuwa anaendea shule tu. Usibishane, piga magoti utazame pedeli za abiria. Raba zake zikiwa zimelika mpaka zinateleza, mwalimu huyo alikuwa anafundisha stendi. Kiti kikiwa kipya na pikipiki kuukuu, jiulize kile cha zamani kilichanwa na makalio ya nani. Fika asubuhi kabla hajaiwasha, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameipasha ili usisikie inavyosumbua ikiwa baridi. Rudi kesho bila kumpigia simu. Ikiwaka, tazama moshi: wa bluu ni oili inaungua. Meno ya spoketi yakiwa yamechongoka na kulalia upande mmoja, hesabu bei ya cheni nzima mnapopatana.

Na wewe unayetaka kukopa kwenye kikundi milioni nane ili ununue pikipiki ya picha, mtu wa kwanza kukwambia ukweli nataka niwe mimi. Kikundi hakitakusindikiza Mtera. Safari ya kwanza nenda na ulichonacho, nenda karibu, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, urudi kabla jua halijazama, kwa sababu taa za pikipiki hizi ni za mjini na ng'ombe hawana taa kabisa. Kofia mbili, si moja. Nimewaona vijana wanaojiita watalii, yeye kofia ya laki tatu, mke nyuma kafunga kitenge kichwani. Hiyo siisemi kwa upole na sitaisema kwa upole.

Mwisho ni kadi ya pikipiki. Namba ya chasisi iko shingoni pa usukani, isome mwenyewe kwa tochi ya simu, uilinganishe na kadi, na ya injini vile vile. Jina lihame TRA kabla hujamaliza kulipa. Utaambiwa, "Utabadilisha baadaye kaka, mimi nipo." Kama yupo, mwende naye leo. Bakiza laki tatu mfukoni mpaka umiliki uhame, utaona atakavyoikumbuka TIN yake bila kufungua simu.