Unasoma PGM? Anza na Umri wa Zinjanthropus

Juzi msomaji wa kidato cha tano anayesoma PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) aliniandikia: "Shikamoo dada. Miamba, nyota na atomi nimevikariri mpaka nimechoka, lakini mtihani ukija navichanganya. Wewe ulitokaje?" Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Marahaba, mdogo wangu. Nilitoka kwa swali moja tu: wamejuaje?

Kila aliyesoma Historia sekondari ameikariri hii: Zinjanthropus, lile fuvu la zamadamu, Olduvai, 1959, miaka milioni 1.75. Siku moja nilinyoosha mkono nikauliza huo umri waliupimaje. Mwalimu akasema hilo halitoki kwenye mtihani, nikae chini. Darasa zima likacheka. Nilikaa, lakini kicheko kile kinaniuma hadi leo, kwa sababu jibu lilikuwepo tangu 1961, na lilikuwa jibu zuri mno kunyimwa mtoto.

Fuvu lenyewe halikupimwa. Yalipimwa majivu ya volkano ya tabaka lile lile, yaliyotoka kwenye milima ya upande wa Ngorongoro. Ndani ya majivu yale kuna fuwele zenye potasiamu. Karibu potasiamu yote imetulia, ila atomi kama 12 katika kila 100,000 ni za potasiamu-40, yenye protoni 19 na nyutroni 21, na hiyo haitulii. Mara nyingi hugeuka kalsiamu. Lakini mara moja hivi katika kila tisa, kiini humeza elektroni ya atomi yake, protoni moja inageuka nyutroni, na kinachopatikana ni agoni.

Sasa tulia hapa. Agoni ni gesi. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi inatoroka. Ukiganda, agoni inayozaliwa ndani haina pa kupita. Maana yake mlima unapolipuka, saa inaanza upya kutoka sifuri. Potasiamu-40 huchukua miaka bilioni 1.25 nusu yake igeuke, kwa hiyo ukipima agoni iliyonaswa, umri unaupata kwa hesabu. Hivyo ndivyo Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley, Marekani, walivyoipata ile milioni 1.75. Na kwa muda huo mfupi, katika kila atomi elfu moja za potasiamu-40 iliyogeuka ni moja hivi. Waliweza kupima kitu kidogo kiasi hicho!

Hakuna aliyenifundisha hivi. Nilikuwa kidato cha sita, tuko kwenye mada ya mionzi, nikaona potasiamu-40 kwenye jedwali la kitabu, na Zinjanthropus wangu wa kidato cha kwanza akarudi kichwani. Niliunganisha mwenyewe maktaba. Tangu hapo Fizikia haikunipiga chenga tena, na A yangu niliipata. Sioni haya kuitaja.

Nyota nazo zikaingia kwa mlango huo huo. Dunia ina umri gani, na wamejuaje? Miamba yetu haiwezi kusema, kwa kuwa ardhi huiyeyusha na kuifinyanga upya. Mwanasayansi Clair Patterson alipima madini ya risasi, ambayo urani nayo huishia kugeuka, yaliyomo kwenye vimondo, mabaki ya siku zile sayari zinaundwa, na mwaka 1956 akatoa jibu: miaka bilioni 4.55. Sisi tuna kimondo chetu Mbozi, mkoani Songwe, tani 16 hivi, karibu chote chuma na nikeli. Nenda ukakiguse. Kile chuma kilitengenezwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua halijawaka. Ukiweka kiganja pale, Jiografia, anga na atomi viko chini ya mkono mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo huo: usikariri namba kabla ya kuuliza imepatikanaje. Ukipewa umri, uliza. Ukipewa umbali wa nyota, uliza. Ukichekwa, uliza tena. Na ninyi walimu wenzangu, maana siku hizi nami nashika chaki, mtoto akiuliza "wamejuaje" msimkalishe. Kama jibu huna, mwambie mtalitafuta wote, kisha mlitafute kweli. Mtoto aliyenyamazishwa kidato cha kwanza hamtamwona kwenye maabara kidato cha tano.

Mdogo wangu, uliuliza pia uanze na mada ipi. Anza na mionzi. Chukua karatasi: mwamba umebakiwa na robo tu ya potasiamu-40 uliyoanza nayo, una umri gani? Ukipata miaka bilioni 2.5, umepatia, na utakuwa umelikaribia rika la yale mawe makubwa ya Mwanza. Nitumie hesabu yako, niione hatua kwa hatua.