Maswali ya Wasomaji: Iraq, Maoni ya Wananchi na Maridhiano ya Wakubwa

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu miaka ambayo Iraq ilikaliwa na majeshi ya kigeni imeleta barua nyingi mezani. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake ndilo linalorudi katika barua nyingine karibu zote.

Ndugu Mhariri, salaam. Nimesoma mahali pengi kwamba Wairaqi walipoulizwa, wengi walitaka majeshi ya kigeni yaondoke na nchi yao ibaki moja. Kama wananchi walikuwa na neno moja, ilikuwaje viongozi wao wakashindwa kupatana mpaka damu ikamwagika kiasi kile? – Mwanafunzi wa historia

Ndugu yangu, ulichosoma ni kweli, ingawa kina pembe zake. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2007, mashirika ya utangazaji ya ABC, BBC na ARD, pamoja na gazeti la USA Today, yalidhamini utafiti wa maoni uliowahoji watu zaidi ya 2,200 nchini Iraq. Asilimia 78 walipinga kuwepo kwa majeshi ya Marekani na washirika wake. Asilimia 58 walitaka Iraq moja yenye serikali kuu Baghdad, asilimia 28 walipendelea shirikisho la majimbo, na asilimia 14 tu ndio waliotaka nchi igawanywe iwe mataifa mbalimbali. Ukumbuke majira yenyewe. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu kuba la dhahabu la msikiti wa al-Askari mjini Samarra, mahali patakatifu pa Washia, lilipolipuliwa, tarehe 22 Februari 2006, na tangu hapo Baghdad ilikuwa ikiamka kila siku na kukuta maiti zimetupwa mitaani, nyingi zikiwa na alama za mateso. Katika hali hiyo ya kutisha, walio wengi bado walisema nchi yao ni moja.

Kwa nini basi viongozi walishindwa? Naamini ni kwa sababu neno lilikuwa moja lakini mambo yalikuwa mawili. Mwananchi aliposikia maridhiano, alitaka kujua mgeni anaondoka lini, nani atamlinda atokapo nyumbani kwake, na kazi yake ya zamani atarudishiwa au la. Wakubwa walipozungumzia maridhiano, walikuwa wanazungumzia viti.

Jambo hili lilianza mapema. Uvamizi ulianza Machi 2003, Baghdad ikaanguka tarehe 9 Aprili, na Julai mwaka huohuo utawala wa muda ulioongozwa na Mmarekani L. Paul Bremer ukaunda Baraza la Uongozi la watu 25: Waarabu wa Kishia 13, Waarabu wa Kisuni 5, Wakurdi 5, Mturkmeni 1 na Mwashuri 1. Hesabu hiyo ilikusudiwa kuonyesha kwamba kila jamii ina mtu wake. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyetaka cheo alilazimika kwanza kuonekana mwakilishi wa madhehebu au kabila, na chama kilichokuwa na hoja ya taifa zima kikakosa mahali pa kuisimamishia. Wairaqi wenyewe wanauita utaratibu huo muhasasa, yaani kugawana mafungu, na jina hilo walilitamka kwa uchungu kwa miaka mingi baadaye.

Tazama sasa yaliyotokea Bungeni mwaka 2007, maana hapo ndipo pengo kati ya maoni ya watu na vitendo vya serikali linapoonekana waziwazi. Mwezi Mei, wabunge 144 kati ya 275, Washia kwa Wasuni, walitia sahihi waraka wa kudai ratiba ya kuondoka kwa majeshi ya kigeni. Tarehe 5 Juni Bunge lilipitisha, kwa kura 85 dhidi ya 59, azimio la kwamba serikali isiombe tena Umoja wa Mataifa kurefusha muda wa majeshi hayo bila ridhaa ya Bunge. Huo ulikuwa muungano wa aina ambayo wote waliokuwa wakiihubiria Iraq umoja walipaswa kuufurahia, kwa kuwa ulivuka mpaka wa madhehebu kwa hoja, wala si kwa kugawana vyeo. Hata hivyo serikali ya Waziri Mkuu Nouri al-Maliki iliomba muda urefushwe bila kupitia Bungeni, na tarehe 18 Desemba 2007 Baraza la Usalama likaridhia kwa azimio namba 1790. Yule Waziri Mkuu ndiye aliyekuwa ametangaza, mwezi Juni 2006, mpango wa maridhiano ya kitaifa wenye vipengele 24. Mpango huo haukuweka tarehe ya mgeni kuondoka. Na kuhusu tarehe hiyo, vyama vikuu vilikwisha kukutana Cairo, Novemba 2005, chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, na tamko lao la pamoja likadai ratiba. Walikubaliana mezani, wakarudi Baghdad, na makubaliano yakalala.

Nisije nikakupotosha lakini. Wastani wa taifa huficha mengi. Wakurdi wa kaskazini, waliouawa na utawala wa Saddam Hussein kwa gesi ya sumu Halabja tarehe 16 Machi 1988 na kuangamizwa vijiji vyao katika kampeni ya kijeshi iliyoitwa Anfal, hawakuyaona majeshi ya Marekani kwa jicho walilotumia wakazi wa Anbar, mkoa wa Wasuni wa magharibi, na katika kura isiyo rasmi waliyojiendeshea Januari 2005, karibu wote waliopiga walichagua uhuru. Tena, kupinga majeshi ya kigeni hakukuwa sawa na kutaka yaondoke kesho: katika utafiti ule wa 2007, waliotaka yaondoke mara moja walikuwa asilimia 35, na wengi wa waliobaki walitaka usalama urudi kwanza. Msuni wa Baghdad alichukia kizuizi cha Mmarekani mtaani kwake, lakini aliwaogopa zaidi wanamgambo na polisi waliokuja usiku. Mshia wa kusini, aliyekumbuka jinsi uasi wa 1991 ulivyozimwa kwa makaburi ya halaiki, alihofu kwamba mlango ukifunguliwa Chama cha Baath, chama cha Saddam kilichotawala kabla ya uvamizi, kitarudi. Hofu hizi zilikuwa za kweli, na kiongozi aliyekosa hoja nyingine alizitumia.

Mwishowe tarehe ilipatikana. Mkataba wa Iraq na Marekani ulitiwa sahihi 17 Novemba 2008, Bunge likaupitisha siku kumi baadaye, na msafara wa mwisho wa askari wa Marekani ukavuka mpaka kuingia Kuwait tarehe 18 Desemba 2011. Kesho yake, tarehe 19 Desemba, ilitangazwa hati ya kumkamata Makamu wa Rais Tariq al-Hashimi, mwanasiasa wa Kisuni aliyekuwa juu kuliko wote serikalini. Siku moja tu. Wananchi walikuwa wamepata lile waliloliomba kwa miaka minane, na wakubwa wao hawakuwa wamejenga chochote cha kusimama juu yake.

Mhariri, mtu anawezaje kuuliza maoni katika nchi inayolipuka mabomu? Na kwa nini tuziamini takwimu hizo? – Msomaji wa siku nyingi

Ndugu msomaji, una haki ya kushuku. Wahojaji walikuwa Wairaqi wenyewe, walioingia nyumba kwa nyumba na kuuliza ana kwa ana, mara nyingi kwa hatari ya maisha yao. Anayehojiwa naye ana mashaka: hajui mgeni aliye mlangoni atalipeleka wapi jibu lake. Kwa hiyo mimi siitegemei namba moja pekee. Natazama swali lilelile lilipoulizwa tena na tena. Mwaka 2004, Wairaqi asilimia 17 walisema kuyashambulia majeshi ya Marekani na washirika wake kunakubalika. Mwaka 2007 walikuwa asilimia 51. Hata kama namba zote mbili zina kasoro, mwendo wa kutoka moja kwenda nyingine hauwezi kuelezwa kwa kasoro peke yake.

Na tujihadhari na lugha yetu, kwani Kiswahili huita mambo mawili tofauti kwa jina moja la kura ya maoni: utafiti wa kuwahoji watu wachache, na kura rasmi inayopigwa na wananchi wote. Katiba ya Iraq ilipigiwa kura na wananchi tarehe 15 Oktoba 2005, na takriban asilimia 78 waliikubali. Ukiishia hapo utasema nchi iliafikiana. Lakini katika mikoa ya Anbar na Salahuddin zaidi ya theluthi mbili waliikataa, na kanuni ilisema mikoa mitatu ikiikataa kwa kiwango hicho, katiba imeanguka. Katika mkoa wa Ninawi wengi waliikataa pia, ila hawakufika theluthi mbili. Katiba ikapita, na sehemu nzima ya nchi ikabaki na sheria kuu ambayo haikuitaka.

Mwanangu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesikia kwamba baada ya uvamizi walimu wengi wa Iraq walifukuzwa kazi kwa sababu walikuwa wanachama wa chama kilichotawala. Lilinisikitisha. Lakini nikajiuliza pia: je, waliouliwa watoto wao na utawala ule walazimishwe kusamehe ili nchi itulie? – Mama mwalimu

Shikamoo, mama. Umeshika pande zote mbili za jambo ambalo wengi hushika upande mmoja tu.

Ni kweli kuhusu walimu. Amri ya kwanza ya Bremer, ya tarehe 16 Mei 2003, iliwaondoa kazini wanachama wote waliokuwa katika vyeo vinne vya juu vya Chama cha Baath, bila kuuliza kila mmoja alitenda nini. Walimu na madaktari wengi walijiunga kwa kuwa bila kadi ya chama hakukuwa na kupanda cheo. Aprili 2004 Bremer mwenyewe alikiri kwamba amri ilitekelezwa vibaya, na akaahidi kwamba maelfu ya walimu wangeweza kurudi.

Amri ya pili, ya tarehe 23 Mei 2003, ilivunja jeshi zima. Wanajeshi waliokuwa wamelisha familia zao kwa mshahara ule wakaamka hawana kitu. Mwezi Juni walikusanyika nje ya Kasri la Jamhuri jijini Baghdad, makao ya utawala mpya, wakidai malipo yao chini ya jua kali. Mawe yakarushwa, askari wa Marekani wakafyatua risasi, na wawili kati ya wale waandamanaji wakafa. Siku chache baadaye utawala ulitangaza kwamba utawalipa posho. Mimi nikisoma habari ile huwa najiuliza iliwagharimu nini kutangaza wiki moja kabla.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria ya uwajibikaji na haki ili kulainisha mambo, lakini kabla ya uchaguzi wa Machi 2010 wagombea zaidi ya 500 waliondolewa kwa kudaiwa kuwa na uhusiano na Baath. Kulikuwa na kundi jingine la kusikitisha zaidi: watu wapatao 100,000, wengi wao Wasuni, waliochukua silaha kupigana na al-Qaeda katika harakati zilizoanzia Anbar mwaka 2006, na wakaahidiwa kwamba sehemu yao wataingizwa jeshini na polisi, na wengine watapewa kazi za kiraia. Wengi waliachwa wakingoja. Wanamgambo wa Dola la Kiislamu walipoiteka Mosul tarehe 10 Juni 2014, walikuta wakazi wengi ambao hawakuwa na sababu ya kuifia serikali ya Baghdad.

Hata hivyo, mama, hisia ya kuwa taifa moja haikufa. Tarehe 29 Julai 2007, mwaka uleule wa maiti mitaani, Hawar Mulla Mohammed, ambaye ni Mkurdi, alipiga kona mjini Jakarta, na nahodha Younis Mahmoud, ambaye ni Msuni, akaupeleka mpira wavuni kwa kichwa. Iraq ikaifunga Saudia 1-0 na kutwaa Kombe la Asia. Siku nne kabla, watu wapatao 50 walikuwa wameuawa kwa mabomu jijini Baghdad wakishangilia ushindi wa nusu fainali, na bado watu walitoka tena mitaani, Erbil, Baghdad na Basra, na bendera ni ileile. Tena Oktoba 2019, vijana ambao wengi wao walikuwa watoto wadogo wakati wa uvamizi walijaa katika Uwanja wa Tahrir, Baghdad, na katika miji ya Washia ya kusini, wakipaza sauti kwamba wanataka nchi, wakidai muhasasa ukome. Mamia waliuawa kwa risasi, na mwishoni mwa Novemba Waziri Mkuu Adil Abdul-Mahdi akatangaza kujiuzulu.

Sasa swali lako la pili. Hapana, asilazimishwe mtu kusamehe. Aliyetoa amri ya Anfal na aliyemfundisha mtoto kusoma akiwa na kadi ya Baath mfukoni hawakupaswa kuingizwa katika kapu moja, na kosa la mwaka 2003 lilikuwa kupima cheo mahali pa kitendo. Lakini aliyetenda alipaswa kujibu mahakamani, na aliyetendewa alipaswa kwanza kuelezwa mtoto wake alizikwa wapi. Wataalamu wanakadiria kwamba waliopotea nchini Iraq, tangu vita na Iran mpaka leo, ni kati ya 250,000 na 1,000,000. Makaburi ya halaiki bado yanafukuliwa, mifupa inapimwa, na wazazi wazee wanatoa damu yao ili ilinganishwe nayo. Mzazi wa namna hiyo, mama, mimi sina ujasiri wa kumwambia apatane na yeyote kabla hajapewa jibu hilo.