Wateja kuvuta fegi ndani ya baa

Boss, umesema wateja wako wa kila siku wanawasha fegi ndani na waita anaogopa kuwaambia. Anza na kutoa ashtrei zote, hata ile ya kaunta, juu mtu akiona ashtrei anajua ruhusa ipo. Alafu usimwachie waita hiyo kazi, huyo dada anategemea tipu za haohao, hawezi gombana nao saa tano usiku wakiwa wamelewa, ongea nao wewe ama meneja na iwe mapema kabla pombe haijashika, hapo mtu bado anaskia. Na kumbuka yeye ndio anameza huo moshi shifti nzima kila siku, hiyo kwangu ndio mbaya zaidi.

Sheria ya Kenya ya tumbaku ya 2007 iko wazi, mvutaji anaweza pigwa faini hadi elfu 50 ama jela miezi 6, na mwenye baa pia anawajibika. Bandika notisi mlangoni na chooni, huko ndio hujificha sana.

Sehemu ya kuvutia fegi isiwe kona ya ukumbi umeweka pazia, itengwe kabisa na moshi utoke nje. Kama una nafasi nyuma weka benchi na mabati juu yake, sababu mvua ikinyesha wote hurudi ndani na fegi mkononi. Shisha usiguse kabisa, ilipigwa marufuku 2017. Na kabla mtu atoke kuvuta alipe bili kwanza, wengine hutoka wakaenda hivyo.