Kwa aliyeuliza aanze hobi gani, na safari ya kwanza nje ya nchi aende wapi

Mdogo wangu, umeeleza kwamba unafanya kazi duka la dawa, na siku zako zote ni kazi, foleni na usingizi. Umejaribu gitaa, gym na kozi ya Kifaransa, vyote vikaishia njiani. Unatamani kuvuka mpaka angalau mara moja kabla majukumu hayajaongezeka, ila hizo Dubai na Uturuki unazotajiwa zinakuzidi mfuko. Ukamalizia kwa kuuliza kama mwanamke anaweza kwenda peke yake. Nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe, mhasibu wa duka la vipuri Kariakoo, mama wa mtoto mmoja.

Kwanza usijilaumu kwa gitaa na Kifaransa. Vile vinadai saa ambayo huna. Mtu anatoka kazini saa moja usiku, anafika nyumbani saa tatu, anapika, anakagua madaftari ya mtoto: hilo gitaa litapigwa saa ngapi? Kwa ratiba kama zetu, hobi inayodumu ni ile inayoingia kwenye muda ambao tayari unautumia: kituoni, njiani, dirishani ukinywa chai. Ndiyo maana yangu imedumu. Natazama ndege.

Najua wengi mkisikia hivyo mnafikiria watalii wenye kofia kubwa kule Ngorongoro. Mimi nilianzia kituo cha daladala. Pale ninaposubiri gari kuna mnazi, na kila msimu wa mvua ndege wa njano aina ya mnana hujazana kwenye makuti yake. Miaka mingi nilisikia kelele zao bila kuinua kichwa. Siku niliyoinua, nikaona dume linang'ata ukingo wa ukuti, linaruka nao, linachana uzi mrefu mwembamba, kisha linarudi kuufuma kwenye kiota kwa mdomo, likipenyeza na kuvuta, kichwa chini miguu juu. Kiota kikikamilika, linaning'inia mlangoni likipiga mabawa na kuita. Jike linakuja, linaingia ndani, linakagua. Lisiporidhika linaondoka. Kiota kikikaa bila mwenyewe mpaka majani yakakauka na kupoteza ukijani, mara nyingi dume hukibomoa lenyewe na kuanza upya. Nilikuwa naiona ndoa nzima ya watu kila asubuhi kabla ya konda kupiga kelele, na haikunigharimu hata senti.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza majina. Nikajua chozi, yule mdogo anayemetameta anayefyonza maua ya mpapai na hibiskasi. Nikajua shore, keremkerem, mdiria. Nikajua kwamba kunguru hawa wanaotunyang'anya vitafunio Dar si wa kwetu: waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani nzima, na wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Ukishayajua hayo, barabara ile ile ya kila siku inakuwa na mambo.

Vifaa usiviogope. Miezi ya mwanzo nilikuwa na simu tu. Kuna programu ya bure inaitwa Merlin, ya chuo cha Cornell cha Marekani. Unaielezea ndege, au unaipa picha, inakupendekezea jina. Hiyo na dada yake eBird, ya kuandikia ndege uliowaona, ndizo daftari langu mpaka leo. Darubini nilinunua baadaye, ya mtumba. Ukiitafuta, angalia namba zilizoandikwa juu yake. Chukua 8x42: ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Muuzaji atakusukumia yenye ukuzaji wa 20 akidai ni bora. Ikatae. Ukuzaji mkubwa unakuza pia mtetemeko wa mkono, na ndege mwenyewe hutampata kwenye kioo kwa sababu eneo linaloonekana ni dogo mno.

Na tafadhali sana, darubini usiitoe karibu na kambi za jeshi, bandari, uwanja wa ndege au makazi ya viongozi. Popote utakapokuwa tembea na kitambulisho. Mtu akikuuliza unatazama nini, mpe darubini atazame na yeye. Walinzi wengi nimewageuza marafiki kwa njia hiyo.

Kama uko Dar, sehemu ya kuanzia ni ufukweni upande wa Kunduchi na Ununio, penye mikoko na matope, kati ya Septemba na Aprili. Miezi hiyo ndege wa kaskazini ya dunia huja kwetu kukimbia baridi. Wapo wanaotoka Siberia, kwa mabawa yao wenyewe. Angalia jedwali la maji kabla ya kutoka, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: yakipwa kabisa, ndege wanakuwa mbali mno, ni vidoa tu. Fika maji yanapoanza kujaa, yawasukume kuja upande wako. Hapo mtafute sululu, wa kahawia, mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Anaingiza mdomo kwenye tundu la kaa, anamtoa, anamtikisa mpaka miguu inakatika mmoja mmoja, kisha anammeza. Kuna wakati humsuuza majini kwanza. Nilipomwona kwa karibu nilisahau kabisa kwamba nilikuwa na hesabu za mwisho wa mwezi. Ila ufukwe ukiwa mtupu usiende peke yako na vitu mkononi. Zungumza na wavuvi, kaa jirani nao. Wanawajua hao ndege kuliko programu yoyote.

Sasa safari. Ushauri wangu ni huu: usianze kwa kuchagua nchi, iache hobi ikuchagulie. Mtu anayekwenda mahali bila jambo linalompeleka anaishia kwenye maduka makubwa na picha za mbele ya majengo, halafu anarudi na deni. Ukiwa na jambo, unajua ushuke wapi, umtafute nani, na wenyeji wanakupokea tofauti kwa sababu umekijia kitu chao wanachokipenda.

Mimi iliniita Nairobi. Kule kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yanayoandaliwa na Nature Kenya, chama chenye mizizi kwenye chama cha historia asilia kilichoundwa mwaka 1909. Fleur Ng'weno, mama anayeheshimika sana kwa wapenzi wa ndege Afrika Mashariki, aliyaongoza kwa miongo. Watu hukutana Makumbusho ya Taifa kabla ya saa tatu, wanagawana magari, wanaelekea msitu au bwawa lolote lililochaguliwa siku hiyo. Nilichukua basi stendi ya Magufuli, nikalala Arusha, kesho yake nikapanda shato, basi dogo la abiria, ya Nairobi kupitia Namanga. Pale mpakani ofisi za uhamiaji za nchi zote mbili ziko kwenye jengo moja: dirisha hili unagongewa kutoka, dirisha la pili unagongewa kuingia. Jumatano nilijikuta kwenye kundi lenye mwanafunzi wa chuo, mzee mstaafu wa benki na mama mwenye kibanda cha maua, wote shingo juu wakibishania ndege mmoja wa kijani. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Waliniuliza nimeona nini pwani, na kufikia mchana nilikuwa nimealikwa chakula nyumbani kwa mmoja wao.

Mwaka uliofuata nikaenda Uganda, na hii ndiyo safari ninayokushauri, kwa sababu inaweza kubadilisha namna unavyoiona hobi yenyewe. Magharibi ya Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, kuna kinamasi cha Mabamba, kinachotambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu tangu 2006. Humo anaishi korongo-nyangumi. Ni ndege wa kijivu, kimo chake hupita mita moja, mdomo mpana mnene wenye ndoana nchani. Duniani wamebaki maelfu machache tu. Wapo Tanzania pia, kwenye kinamasi cha Malagarasi-Muyovosi huko magharibi, na natamani sana siku moja kufika huko ni rahisi. Kwa sasa, kwa mtu wa kipato changu, Mabamba panafikika kwa nafuu kuliko Malagarasi: basi hadi Kampala, teksi hadi Entebbe, kisha boti kutoka mwalo wa Nakiwogo, au bodaboda ukizunguka kwa barabara.

Kinamasini unaingia kwa mtumbwi na mwongozaji wa pale pale, alfajiri, ndani ya vichochoro vya maji kati ya mafunjo. Wangu alikuwa mtoto wa mvuvi. Kwa Kiswahili chake cha sokoni na Kiingereza changu tulielewana vizuri. Alinieleza kwamba zamani wavuvi walimhesabu ndege huyu kuwa nuksi: ukikutana naye asubuhi hupati samaki, kwa hiyo walimuua. Leo ndugu zake hao hao wanaishi kwa kuwapeleka watu kumwona, na wanamlinda kwelikweli. Chakula anachopenda ni kamongo, samaki anayeweza kupumua hewa, ambaye hulazimika kupanda juu kuvuta pumzi. Mwongozaji yeye hamli kamongo, ni mtu wa ukoo wa Mmamba, na kwa Baganda kamongo ndiye mwiko wa ukoo huo. Akanieleza hayo huku akisukuma mtumbwi kwa upondo, bila haraka.

Tulimkuta korongo-nyangumi amesimama kwenye majani yaliyoelea. Hakutikisika. Tukakaa. Jua likapanda, mgongo ukaanza kuuma, yeye bado, jicho lake la rangi ya njano hafifu likitazama maji miguuni pake. Halafu akaanguka. Nasema akaanguka kwa sababu ndivyo inavyoonekana: mwili mzima unamwagika mbele, mabawa yanafunguka, mdomo unazama na kuinuka na fungu zima la magugu. Akatikisa kichwa taratibu, magugu yakidondoka pembeni ya mdomo, mpaka akabaki na kamongo akijipindapinda. Akamkata kichwa kwa kingo za mdomo, akammeza. Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Mwongozaji alinyamaza akaniacha.

Safari ninayoiwekea akiba sasa ni ya Oman. Kuna ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, anayekuja fukwe zetu, na huzaliana kwenye visiwa na pwani za upande wa Uarabuni, akichimba shimo mchangani na kutaga humo ndani. Nimemwona akila kwetu, nataka nimwone kwao.

Mambo ya karatasi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana kwa vitambulisho vya taifa, sisi tunahitaji hati ya kusafiria, na mimi nilichukua pasipoti. Nilipoiomba yangu ada ilikuwa Sh 150,000. Viza ya Kenya na Uganda hatuhitaji. Cheti cha homa ya manjano ni lazima, na kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichome wiki ya safari. Tangu 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti hicho hakiishi muda, hata kama kwenye kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Mabamba mtumbwi unalipiwa mzima, si kwa kichwa. Ukifika mwaloni uliza kama kuna wengine wanaokwenda asubuhi ile mchangie, na bei ikubaliwe kabla ya kupanda. Usisahau bahasha ya mwongozaji, ndiyo inayomfanya ndege yule aendelee kuwa hai.

Kuhusu kwenda peke yako mwanamke. Nilikwenda peke yangu mara zote hizo, na mtoto nikamwacha kwa mama yangu. Kuna maneno nyumbani, nakwambia ukweli. Shangazi aliuliza ni mwanamume gani ninayemfuata Uganda. Nilimwonyesha picha za ndege, hakuamini, nikaenda hivyo hivyo. Njiani nafuata mambo machache: nasafiri mchana na ninafika kabla ya giza hata ikinigharimu usiku mmoja wa ziada, ndiyo maana nililala Arusha. Nalala nyumba ya wageni niliyoelekezwa na mtu wa kundi la ndege, siyo niliyookotewa stendi. Namba ya mwongozaji na ya boti naituma kwa mdogo wangu wa damu kila asubuhi. Na kwenye kinamasi nikaona pamebaki mimi na wanaume nisiowajua, nasubiri kundi lijalo, hata kama jua linapanda na ndege anaweza kuondoka.