Swali la lugha: Kasuari wa kusini, kasuari wa kaskazini, na neno "kuliko"

Mwalimu mmoja wa sayansi anawaandalia wanafunzi wake maelezo ya picha za kasuari, wale ndege wakubwa wa misitu ya mvua ya New Guinea na kaskazini mashariki mwa Australia. Anauliza kama sentensi hizi zimekaa sawa: "Spishi hawa wawili ni ndege wasioruka. Kasuari wa kusini ana vinyama viwili shingoni kuliko wa kaskazini. Jike ni kubwa zaidi kuliko dume na akishataga huyaatamia."

Mwalimu, nianze na "kuliko", maana hapo ndipo ujumbe wenyewe umepotea. "Kuliko" hupima. Huhitaji sifa ambayo wote wawili wanayo, kisha huonyesha nani amemzidi mwenzake. Kasuari wa kusini kwa kawaida ni mkubwa kuliko wa kaskazini: hapo neno liko mahali pake, na ungeweza pia kusema amemzidi ukubwa. Lakini vile vinyama vinavyoning'inia shingoni havipimwi, ni alama ya kumtambulia ndege. Wa kusini ana viwili, wa kaskazini ana kimoja. Anayesoma "viwili kuliko" hubaki akingoja neno lingine lije, na pengine asijue kabisa kwamba yule mwingine ana kimoja. Kosa hili nalikuta mara nyingi katika maandishi ya sayansi, na linaniuma kwa sababu linamficha mwanafunzi jambo lile lile alilohitaji kulijua. Tumia "ilhali", au "lakini".

"Zaidi kuliko" si kosa, ila baada ya kivumishi "zaidi" haina kazi: "mkubwa kuliko" inatosha. Baada ya kitenzi mambo hubadilika. "Jike hula kuliko dume" inayumba, "jike hula zaidi kuliko dume" imesimama. Na kwa kuwa jike ni kiumbe hai, andika "mkubwa". "Jike kubwa" husikika, hasa mtu anapostaajabia ukubwa wenyewe, na jike la kasuari wa kusini linaloweza kupita kilo 70 linastahili mshangao huo. Katika maelezo ya darasani, baki na "mkubwa".

Sasa "akishataga huyaatamia". Kiambishi "a-" hakitaji jinsia, kwa hiyo msomaji ataendelea na yule jike uliyemtaja. Kumbe kwa kasuari anayeatamia ni dume, kwa siku 50 hivi, na ndiye anayelea vifaranga. Mtaje kwa jina lake.

"Spishi" iko katika ngeli ya i-/zi-, nayo ndiyo inayotawala sentensi inapotangulia: spishi hizi mbili zinafanana. Ukianza na kasuari wenyewe, sema kasuari hawa wawili wanafanana. Zote ni sahihi, mradi usizichanganye.

Limebaki "wasioruka". Kwetu mtoto huruka kamba, mtu huruka mtaro, na ndege huruka angani, yote kwa kitenzi kimoja. Kasuari hapai, lakini kwa kuruka mtaro ni hodari: anaposhambulia hujirusha juu na kutanguliza miguu, na kucha ya kidole cha ndani inaweza kufikia sentimita 12. Mwanafunzi aliyeona hayo kwenye video atakubishia, naye atakuwa na haki. Andika "wasioweza kuruka angani", au kwa ufupi "wasiopaa".

Mimi ningeandika hivi: "Spishi hizi mbili za kasuari ni za ndege wasiopaa. Kasuari wa kusini ana vinyama viwili shingoni, ilhali wa kaskazini ana kimoja. Jike ni mkubwa kuliko dume. Jike hutaga, kisha dume huyaatamia mayai na kulea vifaranga."

Ukitaka kumwongeza kasuari wa tatu, yule mdogo wa milimani asiye na vinyama hivyo kabisa, hapo kipimo kimehusisha watatu: "ni mdogo kuliko wote", au "ndiye mdogo zaidi". Chagua moja.